Mbegu, Malezi na Mbwa Aliyeko Mlangoni

Katika orodha za mbwa wa mbegu zinazotunzwa London na New York kuna jina moja ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Basenji ni mbwa mdogo wa misitu ya Kongo, mwenye masikio yaliyosimama, paji lenye makunyanzi na mkia uliojikunja mgongoni kama pete. Habweki kama wenzake. Akisisimka hutoa sauti ya kupanda na kushuka inayokaribia kuwa wimbo. Jina lake limetoka kwenye maneno ya Kilingala yenye undugu na Kiswahili chetu, na maana yake ni mbwa wa washenzi, yaani mbwa wa watu wa porini. Wawili walioonyeshwa London mwaka 1895, kwenye maonyesho ya Crufts, walikufa kwa maradhi muda mfupi baadaye. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1930 ndipo wengine waliochukuliwa Kongo wakazaana Uingereza, na mwaka 1937 wakawa kivutio kikubwa cha Crufts. Tangu hapo basenji ana vyama vyake, vyeti vya nasaba na waamuzi wa kumpima. Nduguze waliobaki vijijini, wenye masikio yale yale na mkia ule ule, hawana cheti. Sisi wenyewe tunawaita mbwa koko.

Nimeanza na basenji kwa sababu anatuonyesha wazi kwamba mbwa na jina la mbegu yake ni vitu viwili. Wenye mbwa wakikutana, siku ya chanjo kwenye kliniki ya mifugo au jioni wakiwatembeza, mazungumzo huanzia kwenye jina. Mmoja atasema rotwaila hana mchezo na mgeni, mwingine atajibu kwamba labrado ni mbwa wa watoto, wa tatu ataapa kwamba hakuna mwenye akili kama shepadi wa Kijerumani. Kila mmoja anamsimulia mbwa wake, lakini anaamini kwamba anasimulia mbegu nzima. Lugha yetu imeshika ncha zote mbili za ubishi huu: mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wauzaji wa mbwa wamekumbatia methali ya kwanza, maana mbegu inauzika na malezi hayauziki. Hoja ya sura hii ni kwamba jina la mbegu linatuambia mengi kuhusu umbo la mbwa, kiasi fulani kuhusu kazi anayoelekea kuifanya bila kufundishwa, na machache sana kuhusu jinsi mbwa mmoja, huyu aliyeko mlangoni, atakavyowapokea watu. Nasema machache, sisemi hakuna. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo itakayotushughulisha.

Mbwa amekaa na binadamu kwa miaka isiyopungua 15,000, lakini mbegu nyingi tunazozitaja kwa majina hazijatimiza hata miaka 200. Kabla ya hapo watu waliwatenga mbwa kwa kazi zao: wa kuwinda, wa kuchunga, wa kulinda, wa kuvuta. Aliyefanya kazi vizuri alizalishwa, hata kama mkia wake haukumpendeza mtu. Mambo yaligeuka Uingereza katikati ya karne ya 19. Mwaka 1859 mji wa Newcastle uliandaa maonyesho ya mbwa ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake, na mwaka 1873 Kennel Club ikaundwa London kutunza vitabu vya nasaba. Kuanzia hapo mbwa alihukumiwa uwanjani kwa kipimo kilichoandikwa: kimo cha bega, rangi, umbo la kichwa, mwendo. Mwamuzi ana dakika chache kwa kila mbwa. Mgongo ataupima vizuri. Hawezi kupima mbwa huyo atafanya nini mtoto wa jirani akiingia uani mbio. Rotwaila ni mfano mzuri wa jinsi jina linavyobaki huku kazi ikiyeyuka. Ameitwa kwa mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, ambako mababu zake waliswaga ng'ombe wa wachinjaji na kuvuta mikokoteni ya nyama. Reli ilipoichukua kazi hiyo mbwa hao walikaribia kutoweka, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 polisi walipowaona wanafaa. Sifa ya ukali aliyonayo leo Nairobi au Dar es Salaam amepewa na watu waliomnunua ili awe mkali.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka Marekani mwezi Aprili 2022, katika jarida la Science. Elinor Karlsson, Kathleen Morrill na wenzao walikusanya majibu ya wenye mbwa 18,385 waliojaza maswali marefu kuhusu mienendo ya mbwa wao: je, anakwenda kwa mgeni, anafuata amri, anashtuka kwa kelele, anafukia vitu vyake, anaomboleza kama mbwa mwitu? Kisha wakasoma vinasaba vya mbwa 2,155 miongoni mwao. Jambo la kwanza walilolipata linawapa moyo wanaoamini damu: mienendo mingi ina sehemu inayorithiwa, na katika baadhi yake sehemu hiyo ni kubwa. Jambo la pili ndilo lililowashtua wengi. Tofauti zote za mienendo kati ya mbwa mmoja na mwingine zilipowekwa pamoja, mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu. Rangi ya manyoya, urefu wa masikio na kimo vinafuata mbegu kwa karibu sana, na ndiyo maana macho yetu yanadanganyika: tukiona mbwa wawili wamefanana kama mapacha, tunadhani na ndani wamefanana. Hakukuwa na mwenendo hata mmoja uliokuwa mali ya mbegu moja peke yake, wala mwenendo uliokosekana kabisa katika mbegu fulani. Labrado hawajulikani kwa kuomboleza, lakini asilimia 8 ya wenye labrado walisema mbwa wao huomboleza.

Asilimia hizo 9 hazikugawanyika sawasawa, na hapa ndipo penye faida kwa mtu anayetaka kuchagua mbwa. Katika utayari wa kufuata maelekezo ya binadamu, kujua mbegu kulisaidia kidogo kukisia; mbwa wa kuchunga kwa wastani walikuwa wasikivu zaidi. Lakini katika jambo linalowahangaisha watu kuliko yote, yaani wepesi wa mbwa kukasirika anapotishwa au kubughudhiwa, mbegu haikusaidia karibu chochote. Kwa maneno mengine, jina la mbegu linanyamaza pale pale tunapolitegemea zaidi.

Msomaji makini atapinga: majibu yale yalitoka kwa wenye mbwa wenyewe, na mwenye mbwa ni shahidi mwenye upendeleo. Aliyeambiwa kwamba mbwa wake ni mpole atauona upole hata pale penye uvivu. Pingamizi hili ni la haki, na watafiti walilifikiria. Karibu nusu ya mbwa wale walikuwa machotara, na mwenye chotara mara nyingi hajui damu ya mbwa wake imechanganyika na nini. Hawezi kupendelea mbegu asiyoijua. Watafiti waliweza kuchukua mbwa mwenye robo ya damu ya labrado, ambaye mwenyewe hana habari hiyo, na kuuliza kama robo hiyo inamfanya apende watu zaidi. Labrado ana sifa ya kupenda watu dunia nzima. Miongoni mwa machotara, kiasi cha damu ya labrado hakikuleta tofauti yoyote ya kueleweka katika jambo hilo. Sifa nyingine zilistahimili jaribio hili, hii haikustahimili. Sijui njia nzuri kuliko hiyo ya kutenganisha mbwa na hadithi zake.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, maana linatoka kwa wanasayansi wenzao. Mwaka 2019 Evan MacLean na wenzake walichambua taarifa za mbwa zaidi ya 14,000 wa mbegu 101, wakakuta kwamba mbegu zikilinganishwa kwa wastani, vinasaba vinaeleza zaidi ya nusu ya tofauti kati yao katika mambo kama wepesi wa kufundishika, ukali kwa wageni na hamu ya kufukuza wanyama. Je, tafiti hizi zinapingana? Hazipingani. Moja inauliza kuhusu wastani wa mbegu, nyingine inauliza kuhusu mbwa mmoja. Kila mtu anajua kwamba Bukoba hunyesha kuliko Dodoma, na sababu zake zinaelezeka kabisa kwa ziwa na pepo. Lakini kujua hivyo hakukuambii kama Jumanne ijayo nguo zitakauka Bukoba. Wastani wa mbegu ni kweli, na ni kweli inayowafaa watu wanaoshughulika na mbwa mia kwa wakati mmoja. Anayenunua mbwa mmoja ananunua Jumanne moja.

Lazima nikubali bila kusitasita kwamba kuna mambo ambayo damu inayabeba waziwazi. Mbwa aina ya pointa, akiwa bado mchanga na hajafundishwa, anaweza kusimama ghafla, akainua mguu na kuelekeza pua kwenye harufu ya ndege. Boda koli atainamisha kichwa na kukodolea kondoo, au kuku, au watoto wanaocheza, akijaribu kuwakusanya. Vitendo hivi ni vya mwili, vifupi, na binadamu alivichagua kwa vizazi vingi akitazama kazi. Kosa ni kuvipandisha daraja na kuviita tabia ya moyo. Na hata kazi haijitoshelezi kwa damu. Karibu na Otjiwarongo, Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa tangu mwaka 1994 likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa jamii ya kangali, waliotoka Uturuki, ili walinde mbuzi na wakulima waache kuwaua duma. Kama damu ingekuwa kila kitu, mbwa hao wangekabidhiwa wakiwa wakubwa, basi. Badala yake wanawekwa zizini wakiwa wadogo, walale na mbuzi, wapumue harufu ya mbuzi, mpaka mbuzi wawe ndugu. Majirani zao wa Botswana wamekwenda mbali zaidi: huko mbwa wa kienyeji wa Tswana, mwembamba, mla ugali, asiye na cheti, akilelewa zizini kwa namna ile ile amelinda mifugo vizuri kama yule wa kigeni, kwa gharama ndogo na bila kuzidiwa na joto wala magonjwa ya nchi. Mtu anayedharau mbwa wa kwao angefaa aanzie hapo.

Kwa hiyo malezi. Neno hili husemwa kirahisi, kama nasaha, ilhali lina vipimo na tarehe zake. Katika maabara ya Jackson kule Bar Harbor, jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller waliwalea na kuwapima mbwa wa mbegu tano kwa miaka mingi, wakachapisha matokeo mwaka 1965. Mojawapo ya mbegu hizo ilikuwa basenji wetu, na walimzalisha pamoja na koka spanieli ili waone hulka zinavyorithiwa. Watoto wa basenji wa majuma matano walimkimbia mtu, wakapiga kelele na kujaribu kung'ata, wakati watoto wa koka spanieli walitulia mkononi. Machotara wao walielekea upande wa basenji, ikaonekana kwamba woga ule umo ndani ya damu. Mtu angefunga kitabu hapo, akasema mshenzi ni mshenzi. Lakini watafiti hawakuacha kuwashika wale watoto na kucheza nao, na baada ya majuma machache tu sehemu kubwa ya ukali ule ilikuwa imeyeyuka. Jaribio jingine la huko huko lilienda kinyume: watoto wa mbwa waliachwa kwenye uwanja uliozungushiwa ukuta, wakala na kunywa lakini hawakuguswa na mtu hadi majuma 14. Hao walitoka wakiwa kama wanyama pori, na kuwarudisha kwa binadamu ilikuwa kazi ngumu mno. Walikuwa wa mbegu zinazosifiwa kwa upole. Kutokana na kazi hiyo tulijifunza kwamba kuna dirisha, takriban kati ya juma la 3 na la 12, ambamo mtoto wa mbwa anaamua nani ni mtu wake na nini si cha kuogopwa. Dirisha likifungwa, kila mgeni wa baadaye anaingia kwa shida.

Sasa tazama mbwa wa ulinzi wanavyokuzwa katika miji yetu mingi. Mtoto wa shepadi au boaboeli ananunuliwa kwa bei kubwa kwa ajili ya mbegu yake, anatiwa bandani pembeni ya ukuta, na kwa makusudi kabisa anazuiwa kuzoea watu, kwa imani kwamba akizoea hatalinda. Majuma yote ya dirisha lile anayapitisha akitazama kwa matundu ya wavu. Usiku anafunguliwa. Akimrarua kijana wa maziwa au mtoto wa mwenye nyumba, watu watasema mbegu ile ndivyo ilivyo. Mimi nasema mbwa huyo amefanya alichokuzwa akifanye: amemwogopa mtu asiyemjua, akatumia meno. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu mbwa zaidi ya 9,000, uliukuta woga kuwa mojawapo ya mambo yanayoambatana zaidi na ukali kwa binadamu. Mbwa waoga walikuwa wakali mara nyingi zaidi kuliko wasio waoga, wadogo kuliko wakubwa, madume kuliko majike. Na mbegu iliyoongoza kwa ukali ilikuwa koli mwenye manyoya marefu, yule aliyeigizwa kwenye sinema za Lassie akiokoa watoto.

Hapa litakuja pingamizi lenye uzito wa damu: watu wanauawa na mbwa, na wanaowaua mara nyingi si chiwawa. Ni kweli, na sitaki kulipunguza. Umbo linafuata mbegu, na meno, taya na uzito ni sehemu ya umbo. Mbwa wa kilo 50 akikosea mara moja ni msiba. Wa kilo 3 akikosea kila siku ni kero ya vifundo vya miguu, wala hakuna anayekwenda kumshtaki. Jina la mbegu linatabiri ukubwa wa jeraha vizuri zaidi kuliko linavyotabiri nia ya kung'ata, na mwenye mbwa mkubwa ana wajibu mkubwa zaidi. Lakini sheria zilizojaribu kukata tatizo kwa kutaja majina hazijafika mbali. Uingereza ilipiga marufuku aina nne mwaka 1991, pitibuli akiwa wa kwanza. Watu waliotaka mbwa wa kutisha wakazalisha wengine, na mwishoni mwa mwaka 2023 serikali ikalazimika kuongeza aina ya tano, XL Bully. Uholanzi nayo ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaifuta marufuku yake ya pitibuli kwa sababu haikupunguza idadi ya watu wanaong'atwa. Kwetu kuna sababu nyingine ya kutokodolea majina: kichaa cha mbwa hakichagui mbegu, na karibu kila mtu anayekufa kwa ugonjwa huo duniani ameupata kwa mbwa. Chanjo ya mbwa asiye na jina inaokoa watu sawa na ya mwenye cheti.

Jina lenyewe pia linaumiza. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Lisa Gunter na wenzake, walilinganisha mbwa waliokuwa kwenye nyumba za hifadhi wakingoja watu wa kuwachukua. Wale walioandikwa kuwa pitibuli walingoja zaidi ya mara tatu ya muda wa wenzao waliofanana nao kwa sura lakini wakaandikwa jina jingine. Mbwa hao walikaa vifungoni kwa ajili ya neno kwenye kadi. Kwetu neno hilo ni koko. Mbwa koko hupigwa mawe kabla hajafanya lolote, watoto wakifundishwa kwamba ndivyo anavyostahili, kisha akiwa mwoga na mwenye kujihami tunasema ni hulka ya mbwa wa mitaani.

Desturi za pwani mara nyingi husemwa kwamba hazina neno jema kwa mbwa, lakini ndani yake mna kipimo kilichoandikwa karne nyingi kabla ya maonyesho ya Newcastle. Fikihi ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, inaruhusu windo la mbwa aliyefundishwa na kukataa la asiyefundishwa, na imeeleza mbwa aliyefundishwa ni yupi: akitumwa aende, akizuiwa asimame, akikamata asile, na ayarudie hayo mpaka mtu aridhike kwamba amejifunza. Mbwa koko wa Bagamoyo akiyatimiza, windo lake lina hukumu moja na la saluki wa Oman.